Karatasi Iliyokaa na Mbegu

Jumanne, kwenye dirisha la ofisi ya ardhi mjini Same, mbele yangu alisimama bibi mmoja aliyeteremka kutoka kijiji cha Mhezi, milimani. Karani, binti mdogo, alirudi kutoka chumba cha mafaili akiwa na sura ya msiba.

"Bibi, samahani sana. Faili lenu limeliwa lote na mchwa. Bila barua ya mipaka, huyo jirani yako unayegombania naye shamba atakushinda."

Bibi alifungua fundo la kanga, akatoa kibuyu, akang'oa kizibo cha gunzi na kuchomoa karatasi iliyoviringishwa. Foleni nzima ilinuka moshi. Karani akapiga chafya.

"Iliungua, Bibi?"

"Iungue kwa nini? Ilikaa darini, juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi; wadudu hawapendi moshi. Mama mkwe aliniambia, kitu cha kesho hakiwekwi chini."

Karatasi ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, lakini kila neno lilisomeka, hata mhuri. Karani alisimama, akaipokea kwa mikono miwili.

"Naomba hii ibaki hapa kwetu, Bibi."

"Hapa kwenu mnawasha kuni?"

Binti akacheka, akatoa nakala, akamrudishia yake. Bibi akaziba kibuyu, akanipisha.

Mimi nilikuwa nimefuata nakala ya barua ya shamba la baba. Yangu imeliwa na mende ndani ya kabati la vioo. Nyumbani kwangu, nasema kwa aibu, tunapikia gesi.