Siku damu yangu ilipotoa habari ya msiba kabla yangu

Hamjambo wakuu.

Mimi ni babu wa wengi humu. Walioyaona haya wote wameshazikwa, kwa hiyo mtanikubali au mtanikataa kwa neno langu tu. Sijaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji kule Kongo. Nilitoka Kabambare nikiwa kijana, nikapata kazi ya kuosha vichupa kwenye maabara ya hospitali moja Kasongo.

Wenzangu walikuwa wenyeji, jioni kila mmoja kwao. Mimi nilikuwa na chumba, mkeka na sufuria moja. Kibangubangu changu, lugha ya kwetu, nilikiongea na ukuta.

Daktari wetu, Mbelgiji mwembamba, alitaka kujua damu iliyoganda inayeyuka vipi. (Kwa wasiojua: mwili una dawa yake wenyewe ya kuyeyusha mabonge ya damu, ndiyo maana mishipa haizibi ovyo.) Alihitaji damu ya mtu mzima kiafya ya kulinganisha na ya wagonjwa.

Akanichagua mimi.

Kila asubuhi sindano, damu kidogo kwenye kichupa chenye maji ya dawa, ikiganda tunaiweka ndani ya maji ya vuguvugu. Tunangoja. Bonge langu liliyeyuka alasiri. Kila siku hivyo hivyo.

Asubuhi moja dereva wa lori la pamba akanisimamisha njiani.

"Feruzi, mama yako amekufa. Wamekwisha kuzika, lakini matanga ingali inaendelea. Mimi narudi Kabambare leo saa sita."

Wakuu, enzi zile hutoki kazini bila karatasi ya ruhusa. Mwenzangu mmoja aliomba, akafukuzwa. Nikaogopa. Nikaingia maabara, nikanyoosha mkono, nikachomwa kama kawaida. 

Saa nne bonge lilikuwa limeyeyuka lote.

Daktari akainua kichupa kwenye mwanga.

"Feruzi, umekimbia leo?"

"Hapana, Munganga."

"Umekunywa pombe?"

"Hapana."

"Sasa iko nini? Damu yako haiko ya jana."

Nikalia pale pale, mbele ya vichupa.

"Mama yangu amekufa. Sikusema kwa mutu."

Akaandika karatasi, akanipa mkononi. "Enda. Lori isikuache."

Nikafika. Nikalala siku tatu katikati ya ndugu, begani mwa shangazi. Halafu nikarudi Kasongo, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Sikula vizuri. Nilikaa kwenye kigoda kutwa nzima, sikutembea, sikuongea. Miezi ikapita. Bonge langu sasa lilikuwa halijayeyuka hata tunapofunga kazi. Kisha mguu wa kushoto ukavimba, ukawa moto, siwezi kuukanyaga.

Nikalazwa. Daktari akanieleza kwa mchoro: mishipa ya fahamu inaongea na mishipa ya damu. Ukishtuka ghafla, mishipa ya damu inamwaga ile dawa ya kuyeyusha. Lakini huzuni ya siku nyingi inaichosha mishipa. Inabana, dawa inapungua, na ukikaa bila kutembea, damu inaganda mahali pabaya.

Nilichomwa sindano nyingi za kuzuia damu isigande. Vitanda vya jirani vilikuwa na wageni kila siku. Changu, hakuna.

Siku moja mama mfua mashuka, Mama Jorjina, alinisikia nikinung'unika kwa homa. Akaacha kapu lake, akanijibu kwa Kibangubangu. Mama yake alitoka kwetu! Tangu hapo kila siku alipita, anakaa kidogo, ananisimulia habari za watu nisiowajua.

Uvimbe wa mguu ukashuka. Siwezi kusema ni maneno yake yaliyoyeyusha bonge, maana sindano nazo zilikuwepo. Nasema tu nilianza kula siku ile.

Daktari aliondoka mwaka wa uhuru, asubuhi, bila kuagana na mtu. Mguu wangu hadi leo unavimba nikisimama sana.

Funzo langu: mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, kimbia hospitali, usingoje. Na msiba usiufiche ndani, mwili hautunzi siri.

Wataalamu wa damu, nikosoeni nilipokosea. Na wewe unayesoma peke yako kwenye chumba cha ugenini, andika hata salamu tu. Nasoma zote, na najibu.