Magurudumu ya Mbele ya Lori la Ondieki

Nilipokuwa mtoto nilinuka mpira ulioungua. Wasichana wenzangu kule Gesima walinuka moshi wa kuni na maziwa. Mimi nilinuka moshi wa kuni na mpira, kwa sababu kaka yangu Ondieki aliunda magari, na mimi ndiye niliyempashia msumari. Ukitaka tundu safi katikati ya gurudumu hutoboi kwa kisu. Unautia msumari kwenye makaa hadi uwe mwekundu, unaushika kwa kipande cha gunia, kisha unauzamisha kwenye mpira polepole. Harufu yake huingia kwenye nywele na haitoki hata usugue vipi. Mama alikuwa akinifukuza jikoni, "Toka hapa na uvundo wako!" Nami wala sikujali. Hata leo nikipita mahali fundi anaziba pancha, nasimama kidogo, na watu hudhani nimechoka.

Msidhani nazungumzia vile vigari vya waya ambavyo kila mtoto alivisukuma barabarani. Ondieki alividharau. Gari lake ukilitazama ulijua ni gari lipi, la nani, na liligongwa wapi. Alipoamua kuunda lori lililokuja kubeba majani chai, alikwenda kituoni siku ya kupima chai na kamba ya mgomba yenye mafundo, akalipima lori zima huku dereva akinywa uji. Kila urefu wa mkono kwenye lori la kweli ulikuwa upana wa kidole kwenye lori lake. Lile la kweli lilikuwa na bonyeo mbele, upande wa kushoto. Ondieki akalichukua lake jipya kabisa, akaligonga kwa jiwe hadi likabonyea palepale. Nililia siku hiyo. Yeye akacheka, akasema, "Moraa, bila hilo bonyeo hili ni debe tu."

Na kweli lilikuwa debe, la mafuta ya kupikia. Turubai alilitoa kwenye mwavuli uliokufa. Taa zilikuwa vizibo vya soda vilivyovikwa karatasi ya kung'aa ya pakiti za sigara, tuliyoiokota sokoni tukiangalia nyuma na mbele, maana Baba alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato na kwetu sigara haikutajwa hata kwa jina. Springi zilikuwa vipande vya bati vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na ukilikandamiza lori kwa kidole lilishuka na kupanda kama lenye mzigo.

Yalikuwa yamebaki magurudumu ya mbele tu. Hapo ndipo dereva mmoja wa malori ya kwenda Uganda, aliyeoa karibu na kwetu, alipomwambia Ondieki kwamba anatafuta tanboi, kijana wa kumsaidia safarini. Kijana aliyekuwa akipima malori kwa kamba ataambiwa nini tena? Alifunga nguo zake kwenye shuka, akaniambia nisiguse koleo lake, akaondoka.

Siku chache baadaye Baba aliliona lori limekaa ukutani. Baba hakuwa mtu mbaya, ila hakupenda kitu kisichomalizika. "Moraa ana mikono," akasema. "Alimalizie, watoto wachezee."

Nilifurahi, sitadanganya. Nilijua kila hatua iliyobaki. Lakini Magokoro, yaani bibi yetu, mama yake Baba, aliinuka pale alipokuwa akipepeta wimbi, akalichukua lori, akalikumbatia. Magokoro alikwenda kanisani siku za harusi tu, na alikuwa na maneno yake.

"Kazi ya mtu aliye safarini haimaliziwi na mkono mwingine," akasema. "Hiyo ndiyo inayomwita. Mkiimaliza, atarudi kutafuta nini?"

"Mama, mtu hurudi kwa wazazi wake," Baba akamwambia.

"Wazazi wanaachwa kila siku. Kazi iliyoachwa nusu humwasha mtu viganja."

Baba akatikisa kichwa, akasema hayo ni mambo ya giza, na kwamba yeye anamwombea mwanawe kwa Mungu, si kwa debe. Magokoro hakubishana. Aliliningʼiniza lori kwenye mwamba wa paa la jiko lake, juu ya moto, likaanza kuvaa masizi. Jioni akichochea ugali alikuwa akiinua macho na kuliita jina la mjukuu wake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita mtu aliyeko shambani. Ondieki! Mwanzoni nilicheka. Baadaye nami nikawa naita, nikihakikisha Baba yuko mbali.

Ee, nilivyomtamani kaka yangu miaka ile! Nilijaribu kuunda gari langu mwenyewe, aina ya Pijo, nikakata kidole, gari likatoka kama sufuria. Hakukuwa na mtu wa kunicheka vizuri. Mahindi yalivunwa, yakavunwa tena. Lori likawa jeusi.

Kisha alirudi! Nilikuwa natoka mtoni na mtungi nikamwona kijana mrefu mwenye koti na viatu vyeusi vya ngozi vyenye soli nene ya mpira, anapanda njia yetu akiimba. Mtungi niliutupa. Magokoro alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka, Mama akakimbiza jogoo, na Baba, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia, alimshika mkono na kusahau kuuachia.

Jioni ile Baba alisema jambo aliloliweka moyoni siku nyingi. Alikuwa amemtengea Ondieki kipande cha chai, kile cha karibu na kijito, kinachochipua hata kiangazi. "Baki, mwanangu," akasema. "Uoe, ujenge." Ondieki aliinamisha kichwa. Akasema lori lao litapita barabara kuu Jumapili na dereva atapiga honi. Atafikiri. Nyumba nzima ikalala na neno hilo moja.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Mchana Ondieki aliingia jikoni kwa Magokoro, akainua macho.

"Hee! Bado mnalo?"

"Tunalo," nikasema. "Linakungoja."

Alilishusha, akalipangusa masizi kwa shati lake jeupe, na uso wake ukabadilika ukawa ule wa zamani. Magokoro naye uso ulimbadilika, lakini wake ulikuwa wa hofu.

"Liache hapo," akasema. "Utalimalizia ukishaoa. Utamfundishia mwanao."

"Magokoro, limebaki kidogo tu."

"Hicho kidogo ndicho nakutaka ukiache!"

Ondieki akacheka, akatoka kutafuta mpira wa magurudumu. Alipotoka tu, Magokoro akanishika sikio. "Kandambili zote za boma hili," akaninong'oneza, "zizike." Nikakimbia. Nilikusanya kandambili za Mama, zangu, na ile moja isiyo na mwenzake, nikazifukia kwenye shimo la samadi ya ng'ombe. Magokoro mwenyewe aliketi juu ya kipande cha tairi la baiskeli, akaeneza sketi yake, akatulia kama kuku anayeatamia. Ondieki alizunguka boma lote. Alirudi, akamtazama nyanya yake, akanitazama mimi na mikono yangu iliyojaa samadi, akacheka hadi akakaa chini.

Kisha akavua kiatu chake kimoja, akakigeuza, akakichunguza soli. Akachukua kisu.

"Viatu vyako vya mjini!" nikapiga kelele.

"Vitu vya miguu tu hivi," akasema, na kisu kikazama kwenye kisigino.

Nilitarajia Magokoro apige mayowe. Badala yake nikaona anatabasamu kidogo. Nilielewa, maana nami niliwaza hivyohivyo. Mtu anayekata viatu vyake amefika. Ataondoka na nini? Nikaenda kuupasha msumari mbio, moyo wangu umejaa furaha, na mchana ule niliketi goti kwa goti na kaka yangu katika moshi ule wa mpira, akinionyesha jinsi ya kukunja waya wa ekseli ili gurudumu lizunguke bila kuyumba. "Polepole, Moraa. Usilazimishe." Kama ningepewa mchana mmoja wa maisha yangu niuishi tena, nisingechagua wa harusi yangu wala wa kuzaliwa kwa mtoto yeyote. Mungu anisamehe, ningechagua huo.

Gurudumu la kwanza liliingia. Jua likaanza kuinama upande wa mlima wa Manga. Sasa kwetu, Ijumaa jua likizama Sabato imeingia. Kisu kinawekwa chini, jembe linawekwa chini, hata kuni hazipasuliwi. Ghafla Magokoro, ambaye Sabato haikuwahi kumnyima usingizi, akasimama mlangoni.

"Sabato imeingia!" akatangaza. "Weka kisu chini, mwanangu! Utamkosea Mungu!"

Hofu ilikuwa imemrudia. Nadhani lile gurudumu lilipozunguka aliona kwamba kukatwa kwa viatu hakutamzuia kuondoka.

Baba alikuwa uani akinawa miguu kwa ajili ya ibada. Aligeuka akatazama magharibi, kwa uangalifu, kama alivyofanya kila Ijumaa, maana yeye hakutaka kumwibia Mungu dakika wala kumwongezea.

"Bado, Mama," akasema. "Jua lipo."

Lilikuwepo, kwa kweli. Lilikuwa jembamba kama ukucha juu ya ule ukingo wa Manga, lakini lilikuwepo. Ondieki aliingiza gurudumu la pili, akakunja ncha ya waya, akaliweka lori sakafuni. Likaenda lenyewe hadi mlangoni, mbele ya miguu ya Magokoro. Sisi wawili tukashangilia. Magokoro akageuka akautazama moto, na hakula usiku huo.

Jumamosi tulikwenda kanisani wote, Ondieki akiwa amevaa akala za Baba, vile viatu vya tairi. Aliimba kuliko watu wote. Jumapili asubuhi honi ililia barabarani. Alikuwa amekaa na uji wake, akauweka chini. Alisema, "Nitarudi Krismasi," akamkumbatia Mama, akaniambia koleo sasa ni langu. Aliondoka na zile akala miguuni. Baba alisimama kwenye lango peku.

Hakurudi Krismasi hiyo wala nyingine. Dereva alisema Ondieki alihamia lori jingine huko mpakani, lililokuwa likienda mbali zaidi. Baba alikwenda kuuliza mara nyingi. Hakuna aliyetuambia amekufa, na hakuna aliyetuambia yu hai. Magokoro aliishi miaka michache zaidi, lakini hakuliita tena lile jina akichochea ugali. Nilipomwuliza kwa nini, alisema, "Amemaliza." Hakumlaumu mtu, wala Baba.

Lakini Baba alijilaumu. Alasiri moja, muda mrefu baada ya kumzika Magokoro, nilirudi kutoka shule nikamkuta katika lile jiko lake lililoachwa. Amepiga magoti, lori liko mapajani, na anajaribu kuikunjua ncha ya waya wa mbele kwa vidole vyake vinene vya kuchuma chai. Mzee wa kanisa! Aliponiona hakushtuka.

"Lete lile koleo lako," akasema.

Nikalileta. Nilikunjua waya, nikayachomoa magurudumu yote mawili, nikampa. Baba akayafunga kwenye leso yake, akayatia mfukoni. Kisha akapanda kigoda, akaliningʼiniza lori palepale juu ya jivu baridi. Alitaka kusema kitu, nadhani alitaka kuliita lile jina, lakini hakuwa amezoea. Nikaita mimi.

Watu huniuliza kama nayaamini mambo ya Magokoro. Mimi ni Msabato, nimefundisha shule miaka mingi, nawajibu wanavyotaka kusikia. Najua kijana aliyeonja barabara harudishwi na debe. Najua pia kwamba jua lilikuwepo na Baba alisema kweli, na kama angeulizwa tena angesema vilevile, kisha angejilaumu tena.

Mwanangu wa kwanza yuko ng'ambo. Ameanza nyumba hapa bomani. Kuta zimesimama, paa hakuna, mvua inanyesha sebuleni na majani yameota mahali pa vitanda. Majirani wananicheka. Juzi alipiga simu.

"Mama, mwezi ujao nawatuma mafundi waipaue. Ni aibu."

"Mafundi wa huku hawajui kazi," nikamwambia. Wanajua sana.

"Basi itakaa hivyo hadi lini?"

"Hadi uje uipaue mwenyewe."

Kisha akaniuliza kama mvua bado ni nyingi, nikamwambia ni nyingi, na kwamba namngoja.