Baridi ya Kwa Ishimwe

Béatha, fundi wa mapazia wa Rwezamenyo, Kigali, alikuwa na mjukuu mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa anamponyoka hivi hivi anamwona. Ishimwe alizaliwa Kanada. Kila Jumapili mama yake, Christella, alimvuta mbele ya simu. Mtoto akisema "hello", akipunga mkono, huyo, kaenda zake. Kiingereza bibi hakukijua. Alikulia Bujumbura, akarudi Rwanda na Kiswahili na Kifaransa juu ya Kinyarwanda chake, na mjukuu hakujua hata kimoja. Roho ilimuuma, acheni tu.

"Anapenda kuongea habari gani?" alimuuliza binti yake.

"Baridi, mama. Huku habari ya kila mtu ni baridi."

Haya. Kesho yake akaenda kwa jirani yake Peace, msusi aliyekulia Uganda, akaomba maneno ya baridi. Peace alicheka kwanza, halafu akamfundisha huku anasuka. "Cold snap" ni baridi inayovamia ghafla na kuondoka upesi. "Cold spell" inakuja, inakaa.

"Hiyo ya pili naijua," alisema Béatha. "Ni wifi yangu. Alikuja Krismasi, akasema analala siku mbili, akaondoka baada ya Pasaka."

Wiki nzima alikanyaga cherehani huku akiyatafuna maneno yale. Jumapili Ishimwe akasema "hello", akageuka. Bibi akamwahi kwa Kiingereza: huko ni cold snap, au cold spell?

Mtoto akasimama. Akarudi, akasogea mpaka simu ikajaa pua. Cold snap, alisema, kisha akamwaga yote, shule iliyofungwa, glovu iliyopotea, na mengine mengi. Béatha aliambulia neno hapa na pale, akaitikia yote.

Mwishoni mtoto akauliza, Christella akatafsiri: huko Kigali mkisikia baridi, mnafanyaje?

Kiingereza kilikuwa kimekwisha. Basi bibi akachukua mto wa kiti, akauweka mgongoni, akaufunga kwa kitenge, akaanza kuupigapiga na kuubembeleza.

Ishimwe akatoweka. Béatha akajua ameshamkosa tena.

Kumbe alifuata taulo. Alimpa mama yake, akampanda mgongoni, akafungwa, miguu inaning'inia. Akachungulia begani, akanong'ona kitu.

"Mama," Christella alisema, "anauliza nyogokuru, bibi yake, atakuja lini ambebe yeye."

Béatha alilia palepale, mto bado uko mgongoni.