Kuku wa Wakwe

Jumamosi iliyopita nilikiongoza kikundi chetu cha matembezi mjini Singida. Niliwaahidi wenzangu kuku wa kienyeji kwa mama ntilie mmoja ambaye kwake sikuwahi kufika. Nilipoona ua wenye turubai na masufuria makubwa, nikaingia kwa kujiamini.

Tulipokewa kwa vigelegele, tukanawishwa mikono, tukapewa mapaja ya kuku na ugali wa uwele. Huku natafuna, nikawaeleza wenzangu kwamba Wanyaturu ndivyo wanavyopokea wateja.

Mzee mwenye nyumba akasimama. "Karibuni, wakwe zetu. Mshenga wenu ni nani, atuletee posa?"

Wenzangu wote wakanigeukia.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nyama bado mdomoni.

"Marahaba. Na wale wanaoshuka kwenye gari pale getini ni akina nani?"