Ngazi za Fundi Lifti

Watu hudhani fundi wa lifti hupanda lifti. Lifti nzima haina haja na fundi. Anayeitwa huitwa kwa iliyokufa, na chumba cha mota kiko juu ya paa. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na miwili Kebo, kama wenzake walivyombatiza, alizila ngazi za mji mzima, boksi la vifaa begani, akipiga mluzi.

Kisha kikaja kirusi cha mapafu, kikamlaza hospitali siku kumi na tisa. Kirusi kikaenda zake, ila kiliondoka na nusu ya pumzi. Nyumbani, kufunga kamba za viatu kukawa kazi ya kuombewa.

Bosi wake alikuja kumjulia hali, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Kebo, ndugu yangu, kuna meza ya kupokea simu ofisini."

"Simu?"

"Nakupa wiki nane. Zikiisha tutapanda pamoja mpaka kwenye mota, jengo lolote litakaloita siku hiyo. Ukifika na ukaweza kutengeneza, rudi kazini. Usipofika, simu."

Kebo aliiogopa hiyo simu kuliko kirusi chenyewe.

Hospitali ikampeleka kwenye mazoezi ya mapafu, mara mbili kwa wiki. Ukumbi wenyewe ulikuwa korido pana yenye koni mbili za plastiki, viti vya kupumzikia na kidaraja cha mbao cha kupanda na kushuka. Mwalimu wake alikuwa binti mwenye sauti ya upole na macho yasiyodanganyika. Siku ya kwanza alimwambia atembee kati ya koni kwa dakika sita. Kebo akatoka mbio kama anayefukuzia treni. Dakika ya pili alikuwa ameukumbatia ukuta.

"Baba, hapa hatushindani."

"Mimi... nashindana... na simu," alijibu Kebo. Binti hakuelewa, lakini akaandika.

Wiki zikaenda, miguu ikapata nguvu, ila jambo moja likamtatiza binti. Alikuwa amempa ubao wenye nati na boliti akaze na kulegeza, ili mikono nayo ifanye kazi. Kebo amesimama tuli, hatoki hata jasho, na kile kifaa cha kidoleni kinachosoma oksijeni kinashuka: tisini na tano, tisini na mbili, themanini na tisa. Binti akabadilisha kidole. Akabadilisha na kifaa. Mwisho akamtazama kifua.

"Baba! Mbona hupumui?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Nati."

Ikabidi aeleze. Kwenye chumba cha mota fundi hubana pumzi ili asikie breki inavyoshika na waya unavyolalamika. Hata ngazini hubana, asikie kama lifti imejibu. Miaka ishirini na miwili! Binti alicheka mpaka akakaa.

"Sasa utasikiliza huku unapumua. Pua iingize, midomo itoe polepole, kama unapoza chai. Unapokaza, toa. Unapopanda, toa. Na upumzike kabla hujachoka, siyo baada."

Nyumbani akafanya mazoezi kwenye ngazi za mlango wa nyuma, akipuliza.

"Baba watoto," mkewe akauliza, "unawasha moto au unafukuza nzi?"

"Natafuta kazi, mke wangu."

Mkewe hakutania tena. Akaja kusimama kando yake, akawa anapuliza naye.

Siku ikafika, likaita jengo la ghorofa nane. Bosi, viatu vyeusi na tai shingoni, akapanda kwa kasi ya mtu mwenye kikao. Kebo akaenda taratibu, akitoa pumzi kila hatua mbili, akisimama kila kituo cha ngazi, hata pale alipojiona mzima. Ghorofa ya tatu bosi alikuwa haonekani. Ghorofa ya sita alionekana: ameketi kwenye ngazi, tai mkononi, uso umeiva.

"Kebo... ngoja... kidogo..."

"Tulia, Bosi. Pua iingize, midomo itoe. Nakutangulia."

Chumbani juu kulinukia grisi na vumbi la joto. Kebo akakata umeme, akafungua kasha la breki, akaikuta springi imekwama. Akaisafisha, akakaza huku akipuliza, akasikiliza huku akipuliza. Breki ikasema yake, na yeye akaisikia vilevile. Akaurudisha umeme, akaijaribu lifti tupu mara tatu, kisha akaituma ghorofa ya sita.

Punde milango ikafunguka chini yake.

"Kebo!" sauti ya bosi ikapanda. "Kesho saa moja kamili! Usichelewe!"

"Nimesikia, Bosi!"

Hapo ndipo Kebo alipokaa juu ya boksi la vifaa, akahema kwa raha zake, bila mtu wa kumhesabia dakika.