Mtoto Amekunywa Chai

Kazi yangu hapa Brussels ni kukaa katikati ya watu wawili wasioelewana na kusema maneno yao, si yangu. Natafsiri Kiswahili na Kifaransa, kwa madaktari, kwenye ofisi za manispaa, mashuleni. Siku ya kwanza ya mafunzo tulipewa sheria tatu, nikazikariri kama sala: sema kila kitu, usiongeze, usipunguze. Nilizishika miaka minne bila kuteleza. Siku niliyozivunja nilizivunja kwa makusudi, na mpaka leo sijaomba msamaha.

Ilikuwa Schaerbeek, mtaa mmoja wa Brussels, katika chumba kidogo cha afya ya shule chenye mizani na kitanda kilichofunikwa karatasi. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alikuwa amemwita baba mmoja wa Bujumbura pamoja na binti yake wa miaka tisa. Baba alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa sweta la kampuni ya usafi. Mtoto alikaa kando yake, mikono chini ya mapaja.

Muuguzi alieleza shida. Ikifika saa nne asubuhi mtoto analaza kichwa juu ya dawati. Kichwa kinamuuma. Kwenye mazoezi ya viungo anakaa pembeni. Wakati wa mapumziko anaomba biskuti za wenzake, akizipata anachangamka nusu saa, kisha anasinzia tena. Na uzito wake haujaongezeka tangu mwaka wa shule uanze.

"Asubuhi, kabla ya kuja shuleni, anakula nini?" aliuliza.

"Anakunywa chai," baba akajibu. "Kila siku. Sijawahi kumwacha bila chai."

Nami, kwa Kifaransa safi, nikasema: anakunywa chai, kila siku. Muuguzi akaandika neno moja kwenye fomu, chai, akalipigia mstari. Akaanza kueleza taratibu, vile watu wanavyomweleza mtu mwenye kosa asilolijua, kwamba chai haina nguvu, kwamba ubongo wa mtoto unaamka na njaa baada ya usiku mzima.

Mtoto aliinua kichwa akanitazama. Alikuwa amekaa mwaka mmoja tu Ubelgiji, lakini Kifaransa alikielewa vizuri. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekukanyaga mguu na hana habari.

Hapo nikasikia nilichokuwa nimekisema. Mama yangu kule Bukavu alikuwa akituuliza kila asubuhi, "Mulishakunywa chayi?" na hakuna aliyedhani anauliza habari za maji ya moto. Chai ilikuwa bukari, yaani ugali, ya jana iliyopashwa, viazi vitamu, maharagwe yaliyobaki, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kama wapo. Siku nyingine majani ya chai yenyewe hayakuwepo nyumbani, na chai tulikunywa hivyo hivyo. Nilikuwa nimeyatafsiri maneno ya yule baba neno kwa neno, na nimemsingizia.

"Naomba tusimame kidogo," nikasema.

Mkalimani haombi kusimama. Muuguzi akashusha kalamu. "Kuna tatizo?"

"Kuna kosa, na ni langu. Kwetu kunywa chai maana yake ni kula chakula cha asubuhi. Hakusema chai tupu. Naomba umuulize upya hiyo chai ina nini ndani yake."

"Hiyo ni tafsiri au ni maoni yako?" Hakuuliza kwa ubaya, lakini aliuliza.

"Ni ukweli. Ukitaka nitoke, uite mkalimani mwingine. Nitamsubiri mlangoni nimwambie hivi hivi."

Muuguzi akanitazama, kisha akalikata lile neno kwenye fomu na kuuliza upya.

Baba alijikalisha vizuri. "Naamka kabla ya alfajiri. Nakanda unga, napika chapati mbili. Maharagwe nayapika jioni, asubuhi nayapasha. Yai, kama lipo. Chai ya maziwa naitia kwenye chupa isipoe. Nafunika kila kitu naenda kazini. Nikirudi saa tano, sahani haina kitu." Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye picha ya bakuli la nafaka, mtindi na matunda. Akanigeukia. "Mwambie, mama, usiache neno. Maharagwe yamekosa nini mpaka hayamo kwenye picha yao?"

Nikasema yote, na hilo la mwisho nililisema kwa sauti kubwa kuliko mengine. Muuguzi alicheka kidogo.

"Hayajakosa kitu. Mtoto akila maharagwe na yai anashiba mpaka adhuhuri. Ni bora kuliko zile nafaka za sukari ninazosikia habari zake kila siku. Lakini basi mimi sielewi. Mtoto anayekula hivyo hasinzii saa nne."

Ndipo mtoto, macho kwenye viatu vyake, akasema kwa Kiswahili, "Baba, mimi sili."

"Unasema nini?"

"Chai namwaga. Chapati natia kwenye mfuko, nawapa njiwa pale uwanjani. Maharagwe natupa. Nikila peke yangu chakula kinakwama hapa." Akagusa koo. "Bujumbura tulikuwa tunakula wote. Mama alikuwepo."

Mama yake alikuwa bado Bujumbura, akingojea karatasi za kuja kuungana nao. Baba aliweka kiganja usoni akakiacha hapo.

Nakiri kwamba nilitaka kuyameza maneno yale. Dakika tano tu zilikuwa zimepita tangu nimtetee yule baba, na sasa binti yake alikuwa ananiumbua mbele ya muuguzi. Lakini mtu aliyejipa haki ya kuongeza hawezi kujipa na haki ya kupunguza. Nikatafsiri yote, njiwa na koo pia.

"Kwa hiyo ni kweli," muuguzi akasema. "Anakuja shuleni bila kula."

"Ni kweli, madamu. Lakini uliposikia chai uliona nyumba isiyo na chakula. Chakula kipo, na aliyekipika ni huyu. Mtoto hana wa kula naye."

Nikamgeukia baba nikamtafsiria maneno yangu mwenyewe, maana alikuwa na haki ya kujua nimesema nini kwa jina lake. Akashusha mkono. "Ndiyo," akasema. "Aandike hivyo."

Muuguzi akaandika, mistari mingi. Akatupangia miadi nyingine baada ya miezi miwili.

Yaliyotokea katikati niliyasikia siku tuliporudi. Baba alikwenda kumwomba msimamizi wake aanze kazi saa mbili, akakataliwa. Ofisi lazima ziwe safi kabla watu hawajafika. Hakuna aliyehitaji kunieleza hilo. Niliwahi kusafisha ofisi kama hizo upande wa Auderghem kabla sijawa mkalimani, na wanangu walikuwa wadogo. Tunawaacha watoto wetu wamelala ili watu wengine wakute meza zinang'aa, halafu tunaitwa shuleni tuulizwe kwa nini hatukai mezani na watoto wetu. Sitaki kulisema hili kwa upole.

Baba hakuacha kazi, na hakukubali pia mtoto aendelee kula peke yake. Ghorofa ya chini ya nyumba yao anaishi mama mzee Mturuki, ambaye kila asubuhi alimpeleka yule mtoto shuleni pamoja na mjukuu wake. Baba alikuwa anaona aibu kumwomba zaidi ya hapo. Jumamosi moja akashuka na binti yake na sahani ya chapati, akasimama mlangoni na Kifaransa chake cha maneno kumi. Yule mama hakungoja hata amalize hayo kumi. Alimvuta mtoto ndani kwa mkono, akamwonyesha kiti.

Tangu siku hiyo mtoto aliamka saa kumi na mbili na nusu, akabeba chapati na maharagwe yake mpaka chini, na meza ikawa na zeituni, jibini nyeupe, matango, mayai, na mjukuu mmoja mwenye maneno mengi. Ilibidi alale mapema, kwa sababu akichelewa bibi yule alipanda ngazi na kugonga mlango kwa kijiko. Mwanzoni, baba alisema, alikula nusu chapati. Wiki ya tatu akaanza kuomba nyingine.

Kwenye mizani alikuwa ameongeza kilo moja na nusu. Kichwa kilikuwa kimeacha kumuuma. Kwenye mazoezi alikuwa anakimbia. Muuguzi alituambia kwamba mwalimu sasa ana lalamiko jipya, mtoto anapiga soga darasani kuanzia saa nne. Baba alipoisikia tafsiri yake, alicheka mpaka akafuta macho.

Wiki iliyofuata nikaitwa na mratibu wa wakalimani. Muuguzi alikuwa ameandika kwenye ripoti, kwa nia njema kabisa, kwamba mkalimani aliingilia kati na kwamba ilisaidia sana. Ofisi yangu ilisoma sehemu ya kwanza tu. Mratibu, kijana mwenye adabu, alinisogezea barua ya onyo niitie sahihi.

Niliisoma yote. Nikatia sahihi, na juu ya sahihi nikaandika kwa mkono: nimeisoma, sikubaliani nayo.

"Huruhusiwi kuandika hapo," akasema.

"Nimeshaandika."

Akaigeuza barua, akaitazama, akavuta pumzi. "Ikitokea tena, utafanya hivyo hivyo?"

"Ndiyo," nikamjibu. Kisha nikamwomba ratiba yangu ya wiki inayokuja, na akanipa.