Upande wa Ukutani

Mama alikubali kuhamia kwangu Dodoma kwa sharti moja tu, kwamba ngozi yake ije naye. Baba alikuwa amefariki, wadogo zangu wako mbali kila mmoja na maisha yake, na yeye alikuwa amebaki peke yake kwenye tembe letu, ile nyumba ya udongo yenye paa la bapa, mwendo wa bodaboda kutoka Mpwapwa mjini. Miezi minane nilimbembeleza kwenye simu. Nilinuna, nililia, mpaka mchungaji wake nikamtuma akaseme naye. Siku aliyokubali nilikuwa ofisini, nikapiga kelele hadi bosi akachungulia mlangoni.

Ngozi yenyewe ni ya ng'ombe, aliipata alipoolewa. Ilikuwa imesuguliwa mafuta miaka na miaka mpaka ikalainika, na pembeni imekunjwa na kushonwa pindo kwa mkono. Watoto wote watano tulizaliwa juu yake na kulala juu yake mpaka tulipokwenda shule za bweni.

"Nimeipiga fimbo nikaianika juani siku mbili," aliniambia aliposhuka kwenye basi, kabla hata sijamwamkia vizuri, maana anajua nilivyo na mdomo.

Nilikuwa nimemnunulia kitanda cha futi tano na godoro jipya. Akalibonyeza godoro kwa kidole, akasema litawafaa sana wageni, kisha akatandika ngozi yake sakafuni. Binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, siku hiyohiyo alihama kitandani kwake akaenda kulala na bibi yake. Mama akawa anamwita "mke mwenzangu", na yeye akawa anatamba nalo hilo jina mtaa mzima. Asubuhi nilikuwa nawakuta wamelala, mtoto huku, bibi yake kule ukutani, na moyo wangu unatulia. Nyumba yangu ilikuwa na saruji, vigae na bati jekundu, lakini ilikuwa haijawahi kuwa na mama ndani yake.

Zilipita kama wiki tatu, mtoto akashikwa na homa. Kali kweli, ya kutetemeka na kulalamikia kichwa. Tukakimbilia kituo cha afya, kipimo cha malaria hakikuona kitu, tukapewa dawa ya kushusha homa. Baada ya siku chache akapona, akarudi shule, nikamshukuru Mungu. Wiki moja baadaye homa ikarudi vilevile.

Safari hii tukaanza kutafuta mchawi, na mchawi akapatikana haraka. Mume wangu, mtu wa Bukoba, mpole sana ila akishaamua jambo ni kama amepiga muhuri, alimkuta mbwa wa mtoto na kupe watatu ndani ya sikio.

"Huyu hapa!" akasema. "Tumeishi na ugonjwa ndani ya uzio wetu wenyewe."

Na kweli kosa lilikuwa letu. Masika tulikuwa tunamwogesha mbwa dawa ya kupe bila kukosa, lakini kiangazi kikiingia, nyasi zikikauka na vumbi likitanda, tunajiambia kupe wamekufa na jua. Kila mtu mtaani kwetu anaamini hivyo. Basi kazi ikaanza. Mume wangu alifyeka majani yote nyuma ya nyumba, akaondoa rundo la matofali mbwa alipopenda kulala, akanyunyiza dawa kuzunguka ukuta wa nje huku amejifunga taulo usoni. Mimi nikamshika mbwa, kibano mkononi, nikampekua masikioni, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkanda wa shingo. Maskini alivumilia yote, ananiramba mkono uleule unaomfinya. Mama alikaa kivulini akichambua mlenda na kutuelekeza.

"Chini ya mkia hapo. Hujaangalia chini ya mkia."

Mume wangu akamfunga mbwa mbali, kwenye kona ya lango, na mtoto akakatazwa kumgusa. Alilia siku nzima. Na homa ikarudi mara ya tatu.

Ilikuwa Jumamosi. Mume wangu alikuwa safarini kikazi, mama amekwenda sala ya akina mama kanisani, nikambeba mtoto mgongoni, mkubwa vile, mpaka hospitali. Maabara alikuwepo dada mmoja mwenye miwani, akachukua damu, akakaa na hadubini yake muda mrefu. Alipotoka aliniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mama, mnaishi nyumba ya udongo?"

"Hapana," nikamjibu, kwa maringo kidogo, nakiri. "Yangu ni ya saruji na vigae."

"Basi kuna kitu kimetoka kwenye nyumba ya udongo. Hii ni homa ya papasi."

Nikakaa chini. Mtoto wa tembe kama mimi hahitaji kuelezwa papasi ni nini. Ni ndugu yake kupe, lakini yeye hapandi juu ya mnyama akatembea naye. Anaishi kwenye nyufa za sakafu na kuta, anatoka kumuuma mtu aliyelala, akishiba anarudi kujificha. Hajui masika wala kiangazi. Waliokua naye wanaweza kuumwa naye miaka wasiugue tena, ila mgeni akilala siku moja anaweza kuondoka na homa inayokwenda na kurudi. Tulikuwa tumefyeka uwanja mzima na kumtesa mbwa wa watu, na kitu chenyewe nilikipokea mwenyewe stendi, nikakibeba begani hadi chumbani.

Njia nzima ya kurudi sikufikiria dawa, maana dawa nilikuwa nayo mkobani na daktari alikuwa amenihakikishia mtoto atapona. Nilimfikiria mama. Namfahamu. Ni mtu ambaye akivunja kikombe kwa jirani hatakanyaga tena nyumba hiyo mpaka apeleke vikombe sita. Akijua ngozi yake ndiyo imemlaza mjukuu wake, kesho yake atakuwa kwenye basi la Mpwapwa, na miezi minane mingine ya kubembeleza haitamrudisha. Nikaamua hatajua.

Nikamlaza mtoto kwenye mkeka barazani. Nikamfungulia mbwa, ambaye alikwenda moja kwa moja kujilaza miguuni pake. Kisha nikaikokota ngozi hadi nyuma ya nyumba, nikachukua mafuta ya taa na kiberiti. Uongo nilikuwa nimeshautunga: ngozi imetafunwa na mbwa. Alikuwa ameshabeba lawama zote za nyumba ile, hii moja isingemwongezea kitu. Nilikuwa nafungua kizibo cha mafuta niliposikia hatua nyuma yangu.

"Unaichoma ngozi yangu?"

Sala ilikuwa imekwisha mapema. Alisimama na Biblia yake mkononi na kitambaa cheupe kichwani.

"Mbwa ameitafuna, mama."

Akaitazama ngozi, nzima, haina hata tundu. Akamtazama mbwa kule barazani.

"Ameitafuna wapi?"

Miaka arobaini ninayo, lakini mbele ya mama uongo wangu haujawahi kufika hatua ya pili.

"Daktari kasemaje?" akauliza. Macho yangu yakaenda kwenye ngozi, naye akaweka Biblia juu ya ndoo, akapiga magoti, akaanza kupitisha kidole gumba kwenye pindo la ngozi, pole pole, mshono kwa mshono. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, lakini kidole kilisimama. Akafumua uzi kwa ukucha, akamtoa papasi, wa kijivu, bapa, mkubwa kama punje ya mbaazi. Akamweka juu ya jiwe na kumponda kwa jiwe jingine. Ikatoka damu.

"Damu ya mjukuu wangu hii," akasema.

Nikamwambia mtoto atapona, dawa ni za siku chache tu. Hakunisikia. Alikuwa bado amepiga magoti, anaitazama ile alama nyekundu.

"Unakumbuka nilikuwa nalala wapi, kule nyumbani?"

"Ukutani," nikasema. "Ulikuwa unapenda ubaridi wa ukuta." Hivyo ndivyo nilivyoamini maisha yangu yote. Sisi tulijipanga katikati ya chumba, yeye ukutani, na mgeni akija anapewa kitanda, mama anabaki palepale.

"Nani anapenda ukuta?" akasema. "Ukutani ndiko wanakotokea. Nilikuwa nalala pale wanipate mimi kwanza, washibe, wasiwafikie ninyi. Na kila Ijumaa naziba nyufa kwa udongo na majivu, mvua ama jua. Miaka yote hiyo. Leo nimezeeka, nimewapakia kwenye basi mwenyewe, nimemletea mtoto."

Akalia. Nilikuwa sijamwona mama akilia tangu tulipomzika baba, na hata siku ile alilia kwa kujificha. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi nikamshika, nikalia naye, na mbwa akaja kutunusa mmoja mmoja.

Ngozi aliichoma mwenyewe. Aliimwagia mafuta, akawasha, akasimama mpaka ikaisha, wala hakukubali nimletee kiti. Kisha akaingia chumbani, nikamkuta anafunga furushi.

"Mtoto akimaliza dawa, nitaondoka," akasema. "Nisimwache anaumwa. Lakini akimaliza, nitaondoka."

Nilimwambia mambo ambayo kwetu huwa hatuambiani. Kwamba sikumleta ili nimtunze, nilimleta kwa sababu namhitaji. Kwamba nikirudi kutoka ofisini nikasikia sauti yake jikoni naacha kuwa mtu mzima kwa nusu saa, na napenda hivyo. Alinisikiliza, akanipangusa uso kwa kanga yake, akaendelea kufunga furushi.

Siku zilizofuata nilifanya kazi ya kichaa. Nilihamisha kila kitu chumbani, nikaja na fundi akaziba kila ufa pale sakafu inapokutana na ukuta, tukanyunyiza dawa, nikaanika mashuka na mito, nikakiweka kitanda mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono. Mume wangu aliporudi safarini nilimweleza yote. Alikwenda langoni akakaa na mbwa muda mrefu, nadhani alikuwa anamwomba radhi. Sasa tunampekua mbwa kila Jumamosi, masika na kiangazi, na kila Ijumaa napita na tochi nikikagua nyufa, mume wangu ananicheka. Lakini wiki ile sikuwa na kicheko. Kila nilipompa mtoto dawa niliona siku ya mama ya kuondoka inasogea, na furushi lilikuwa pale pale kando ya mlango.

Siku ya dozi ya mwisho niliomba ruhusa kazini, nikarudi mchana. Nyumba ilikuwa kimya. Nikaenda chumbani kwao kwa kunyata, nikiogopa kukuta furushi halipo.

Lilikuwepo. Na wao walikuwa kitandani, wamejipumzisha, lakini walikuwa wamelala kinyume. Binti yangu alikuwa ukutani, amejinyoosha kama gogo, mgongo wake kwa bibi yake, macho yameukodolea ukuta.

"Wewe, unafanya nini huko?" nikanong'ona.

"Namlinda bibi," akasema bila kugeuka. "Wakija wanipate mimi kwanza. Mimi nimeshakunywa dawa."

Kumbe siku ile barazani alikuwa amesikia kila kitu. Mama alikuwa macho, anatazama dari.

"Nimemwambia asogee, hataki," akasema. "Ananiambia zamu yangu imekwisha."

Nikavua viatu nikalala upande mwingine, wa mlangoni, na sare zangu za kazi hivyohivyo. Mama akabanwa kati yetu. Alilala amekakamaa, hajui aweke wapi mikono, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kulala katikati. Baadaye nikasikia anashusha pumzi.

"Kuna baridi," akasema, na nje jua la Dodoma lilikuwa linachoma. "Fungua hilo furushi, unipe kanga nijifunike."

Nikalifungua lote.